"Bado wawili tu, tunaondoka"

Wanaotoka kisiwa cha Bezi, Ziwa Victoria, kwenda mjini Mwanza kila asubuhi watanielewa. Mtumbwi wa injini umepaki, nahodha anachokonoa meno, na anakwambia "bado wawili tu, tunaondoka". Wawili wakifika, anataka wengine wawili. Halafu yanapandishwa magunia ya dagaa, na mahali pa kuwekwa ni miguuni pangu, mimi niliyepiga pasi suruali saa kumi na moja alfajiri!

Jaketi okozi zipo, ila zimekaliwa kama mto. Ukiomba moja unatazamwa kana kwamba umeutabiria mtumbwi mabaya. Jamani, ziwa ni hilihili zilimozama MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere 2018.

Mkitoka hapo, magugu maji yanajisokota kwenye injini, inazimwa, kijana anainama kuyachomoa kwa mikono huku sote tukielea na kutazamana.

Ukifika Kayenze, ng'ambo ya pili, unashuka majini viatu mkononi. Ukipanda daladala, konda ananusa, anasema, "Mama wa dagaa, sogea nyuma." Dagaa wenyewe si wangu!