Simu mkononi au tawi mkononi?

Nina picha moja kwenye simu ambayo sijaiweka kwenye grupu lolote, ingawa ndiyo bora kuliko zote nilizopiga siku ile. Ni ya mteremko mmoja juu ya Kasese, magharibi mwa Uganda, mwezi wa pili, jua limeanza kushuka. Mwanamume ameinama, ameshika mwenge wa nyasi kavu, anatia moto majani. Uso wake unaonekana mpaka jasho. Mtu akiipata bila maelezo atasema papo hapo: mchomaji huyu hapa, akamatwe.

Kumbe alikuwa anazima. Moto wenyewe ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Wenzake walikuwa wameshafyeka ukanda wa hatua kama kumi, naye alikuwa anachoma nyasi za upande ule unakotokea moto, ili ukifika ukute majivu, ukose cha kula.

Kila kiangazi, vilima vikianza kutoa moshi, mabishano ni yale yale: mtu wa kawaida anasimamaje na simu huku wenzake wanapambana na moto? Wapo wanaosema ni kukosa adabu, sawa na kupiga picha kaburini watu wakilia. Wapo wanaosema bila picha hizo hakuna ambaye angejua kilichotokea kule juu. Mimi niko upande wa wapiga picha, ila si kwa moyo mweupe.

Nianze na wanaokataa, maana hoja yao niliionja mwenyewe. Kilimani hakuna mpira wa maji. Zimamoto ya Uganda iko chini ya polisi, unapiga 999 au 112, na lori likija hukomea pale barabara inapokoma. Kutoka hapo ni miguu, mapanga, majembe, madumu ya lita 20 na matawi mabichi. Mikono haitoshi hata siku moja. Mimi nilikuwa nimeinua simu natafuta mwanga mzuri, mzee mmoja akanipita na tawi begani, halafu akarudi.

“Mwanangu, hiyo simu inazima moto?”

“Samahani, mzee.”

Akanipa tawi la mparachichi. (Mkalitusi haufai, aliniambia baadaye, majani yake yana mafuta.) Nilidhani kazi ni kuchapa moto kama anayeua nyoka. Sivyo. Unalilaza tawi juu ya ndimi, unalikandamiza, unaliburuta kuelekea palipokwisha kuungua. Ukiliinua juu ya kichwa unarusha cheche nyuma ya mgongo wako, na sasa una mioto miwili. Dakika kumi tu nilikuwa nakohoa na machozi yananitoka. Ukishafika hapo, ukamwona kijana mwenye nguvu zake amesimama pembeni akijirekodi, hasira inakuja yenyewe.

Tena kijana huyo husimama mahali pabaya. Moto wa mteremko unapenda kupanda: ndimi huinamia kilima, zikayakausha majani ya juu kabla hazijayagusa. Kanuni ya makadirio wanayoitumia wataalamu ni kwamba kila mteremko ukizidi kwa nyuzi 10, kasi ya moto huongezeka karibu maradufu; nyuzi 20, mara nne. Na mchana upepo nao kwa kawaida hupanda kilima. Sasa mpiga picha anatafuta nini? Mandhari. Na mandhari iko juu, mgongoni mwa kilima, ndiko moto unakokwenda. Akizidiwa, atakayeacha tawi lake kwenda kumtoa ni mmoja wa wale aliokuwa akiwapiga picha.

Habari za droni nitazipitia haraka. Tarehe 9 Januari 2025, kwenye moto wa Palisades kule Los Angeles, droni ya mtu binafsi iligonga ndege ya kumwaga maji, ikaitoboa bawa, ndege ikabaki chini wakati moto unaendelea. Vilima vyetu tunavizima kwa matawi, kwa hiyo hatari hiyo bado ni ya wenzetu. Hatari yetu ni miguu.

Lakini siku ile ile picha ilifanya kazi ambayo tawi lisingeifanya. Kabla sijavuka kwenda mteremkoni nilikuwa nimepiga picha tatu kutoka kilima cha ng'ambo, bila kufikiri sana. Tulipokuwa tumepumzika, afande mmoja akaniona nazitazama. “Hebu lete.” Akaikuza ya tatu kwa vidole viwili, akanyamaza, kisha akaweka kidole pembeni mwa kioo. “Hapa. Ulimi huu umezunguka nyuma yetu.” Sisi tuliokuwa ndani ya moshi tulikuwa hatuoni hata mita thelathini. Watu sita wakashushwa upande ule wakaukuta moto umeshaingia kwenye mabingobingo, karibu na nyumba ya kwanza.

Yule mzee alikuwa amekaa hapohapo. Hakusema kitu, na mimi sikuthubutu kumkumbusha swali lake.

Mtu ataniambia siku hizi setilaiti zinaona kila kitu. Zinaona, kwa kipimo chake. Vihisi vya VIIRS, vifaa vya kutambua joto vinavyobebwa na setilaiti, ambavyo NASA hutoa data yake bure kwenye intaneti, huhesabu moto kwa vipande vya mita 375. Ndani ya kipande kimoja utaweka kanisa, shule, migomba na familia kadhaa, na vyote vitakuwa nukta moja nyekundu. Setilaiti yenyewe hupita mara chache kwa siku, inapotaka yenyewe. Simu ya mtu aliyesimama ng'ambo huonyesha moto uko upande gani wa mgomba, na moshi unalalia wapi.

Kuna na faida isiyoonekana siku ya moto. Februari 2012 moto uliunguza mimea ya ukanda wa juu wa milima ya Rwenzori, ndani ya hifadhi iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1994. Kule kwenye baridi mmea hukua polepole mno. Mpanda mlima aliyepita mwaka mmoja kabla, akajipiga picha na rafiki zake kwa furaha tu, alibeba kumbukumbu ya jinsi mteremko ulivyokuwa, na hakujua.

Na wakati mwingine mpiga picha na mzima moto ni mtu mmoja. Tarehe 6 Agosti 2000, huko Montana, Marekani, John McColgan, ambaye kazi yake ilikuwa kuchambua mwenendo wa moto, alisimama na kamera ndogo ya dijitali akapiga picha ya elki wawili, wale paa wakubwa wa kule, wamesimama ndani ya mto Bitterroot huku msitu nyuma yao ukiwaka. Picha ile ilizunguka dunia. Hakuwa mpiga picha kwa kazi. Alikuwa mtu anayejua anachokitazama, na kwangu hapo ndipo penye tofauti, kuliko kwenye ubora wa kamera.

Kwa sababu kamera, tukubaliane, ni mwongo mwenye sura nzuri. Ukivuta picha kutoka mbali kwa lenzi ndefu, mtu aliye mita mia mbili mbele ya moto anaonekana yumo ndani yake. Simu ikiachwa ijipangie rangi, hufuta ile ile uliyotaka kuonyesha: tarehe 9 Septemba 2020, anga la San Francisco lilipogeuka rangi ya chungwa kwa moshi, watu wengi walipiga picha wakapata kijivu. Usiku ni kinyume chake. Simu hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, mstari mwembamba wa moto ukawa mto wa dhahabu. Kilimanjaro ilipoungua Oktoba 2020, mtu aliyeutazama mlima usiku kwenye kioo cha simu, akiwa mbali, angeapa kwamba unateketea wote.

Hayo yote nayasamehe. Nisilolisamehe ni maelezo yanayobandikwa chini ya picha na mtu ambaye hakupanda kilima. Uganda ina sheria ya kukataza kuchoma nyasi bila kibali, ipo tangu 1974. Watu huchoma hata hivyo: mfugaji anataka majani mabichi, mkulima anasafisha shamba, mwingine anawinda panya. Kwa hiyo picha ya mtu na mwenge, huku Kasese ambako wakulima na wafugaji wamegombea ardhi miaka na miaka, ni shitaka tayari. Linasubiri jina tu, na jina hupatikana kabla ya chakula cha usiku. Anayesema “picha ni ushahidi, iachwe iseme yenyewe” hajawahi kuisikia ikisema uongo. Na anayetaka simu zote zipigwe marufuku kilimani angekuwa amemnyima afande ile picha ya tatu.

Mimi sasa napiga kutoka ng'ambo kwanza, kisha navuka nichukue tawi. Nyuso siziweki hadharani mpaka nimeongea na wenye nyuso. Ni utaratibu unaochelewesha, na grupu halipendi kuchelewa; wiki ile nililaumiwa kwamba nimeficha picha.

Yule mwanamume nilimtafuta siku ya tatu. Aliitazama picha muda mrefu, akaikuza, akaipunguza. “Nitumie mimi,” akasema, “hao wengine waache.” Nikamtumia. Juzi nimeiona kwenye profaili yake ya WhatsApp. Ameikata kwa chini: umebaki uso na moshi nyuma yake, mwenge haupo.