Mlonge ni mboga kabla haujawa dawa

Ukipita sokoni hapa Tabora utaukuta unga wa majani ya mti wa mlonge umepangwa kwenye vikopo, na muuzaji atakwambia unatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo, yaani kila kitu. Madaktari wakisikia hivyo wanachukia na wana haki kabisa, maana kuna mtu ataacha dozi yake ashike kijiko. Wazee nao, kwa kuuona mlonge ni dawa, wanasema dawa hailiwi kila siku.

Sasa mbona India, mti huu ulikotoka, majani yake na yale matunda marefu mabichi yanapikwa mchuzi kama sisi na kisamvu, na hakuna anayeuliza dozi?

Kinachoniumiza ni ile hesabu ya kwamba mlonge una kalsiamu mara 17 ya maziwa. Hapo wanalinganisha gramu 100 za unga mkavu na gramu 100 za maziwa, ambayo karibu yote ni maji, na nani anakula gramu 100 za unga wa mlonge kwa siku? Kijiko cha chakula ni kama gramu 8 hivi, kinakupa kalsiamu miligramu 160 wakati mtu mzima anahitaji kama 1,000, kwa hiyo ni kama nusu kikombe cha maziwa. Muujiza hakuna, lakini jamani, kwa mtoto wa Sikonge, huku huku Tabora, ambaye maziwa anayaona kwa nadra, nusu kikombe kila siku ni kitu kikubwa sana! Madini ya chuma ndo kidogo, kama miligramu 2 tu kwa kijiko na mwili hauchukui yote, kwa hiyo mjamzito vidonge vya kliniki aendelee navyo.

Na kupika wala si kazi ngeni, watu wanaokausha nsansa, yaani majani ya kunde, hawafundishwi mboga kavu. Majani mabichi chambua uache vijiti, chemsha umwage maji ya kwanza uchungu upungue, kisha tia nyanya na karanga za kutwanga. Ya unga yaanike kivulini sababu jua kali linaua vitamini A, na unga wenyewe utie ukikaribia kuepua.

Nasema majani lakini, mizizi na magome mjamzito asiguse. Anayemeza dawa za sukari au presha amwambie daktari wake kwanza, maana majani nayo yanaweza kushusha. Ila nesi anayefundisha lishe kliniki, akitaja mchicha na matembele, autaje na mlonge hapohapo, kwenye mboga.