Gitaa la Umeme kwa Mfuko Mdogo: Amplifaya Ipewe Haki Yake

Anayejikusanyia fedha za gitaa la umeme kwa mara ya kwanza karibu kila mara huwaza gitaa lenyewe: rangi, umbo, jina lililoandikwa kichwani. Amplifaya huja baadaye, kwa chenji itakayobaki, na pedali, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti, ndizo ndoto ya usiku. Naamini mpangilio huo ndio unaowavunja moyo wengi kabla vidole vyao havijazoea nyuzi. Ushauri wangu ni mmoja na ninausimamia: fedha ikiwa kidogo, igawe nusu kwa nusu. Nusu iende kwenye gitaa pamoja na kazi ya fundi atakayeliweka sawa, nusu iende kwenye amplifaya. Pedali zisubiri.

Gitaa la umeme halina tumbo la kukuza sauti kama gitaa kavu. Uzi wa chuma unatikisika juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, yaani pikapu, umeme kidogo sana unazalishwa, unapita kwenye kebo, na kutoka hapo sauti yote unayoisikia inapikwa na amplifaya na spika. Uzi mnene kuliko yote, E ya chini, hutikisika mara 82 hivi kwa sekunde. Spika ya inchi 5 iliyofungwa ndani ya kasha jembamba la plastiki haiwezi kuusukuma mtikisiko huo ukafika sikioni ukiwa na mwili wake. Ndiyo maana amplifaya ndogo zinazouzwa pamoja na gitaa katika boksi moja hutoa sauti nyembamba inayochosha. Mwanafunzi anadhani mkono wake ndio mbovu, kumbe ni spika. Nikipewa gitaa la bei ya chini na amplifaya yenye spika nzuri ya inchi 10 au 12, au gitaa la kifahari na kile kikasha, nitachukua la kwanza bila kusita.

Usidanganyike na wati. Amplifaya ya wati 20 haina sauti kubwa mara mbili ya ile ya wati 10. Tofauti ni desibeli 3 tu, ambayo sikio huisikia kama nyongeza ndogo. Ili sauti isikike kama imeongezeka maradufu unahitaji wati karibu mara 10. Kwa mtu wa kujifunzia nyumbani, wati 10 hadi 20 zinatosha na kubaki. Akianza kupiga pamoja na mpiga ngoma ndipo 40 au 50 zinapokuwa na maana. Hata wakubwa wametumia vidogo: John Deacon, mpiga besi wa bendi ya Queen, aliwahi kuokota bodi ya sakiti kwenye takataka mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaifunga ndani ya kasha la spika ya nyumbani na kuiendesha kwa betri ya volti 9. Brian May, mpiga gitaa wao, alikitumia kijiamplifaya hicho kurekodia nyimbo za bendi yao.

Kuna wanaoshikilia kwamba sauti halisi ni ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyong'aa kwa ndani. Valvu ni tamu kweli, hasa zikisukumwa mpaka sauti ianze kukwaruza. Lakini ni nzito, ni ghali, huchakaa na kuhitaji kubadilishwa, na utamu wake mwingi hutoka ukiwa umefungulia sauti kiasi ambacho nyumba nzima italalamika. Kwa mfuko mdogo ningeziacha. Roland walitoa Jazz Chorus JC-120 mwaka 1975, mashine ya transista tupu isiyo na valvu, na hadi leo inatafutwa kwa sauti yake safi. Siku hizi zipo pia amplifaya za kidijitali zinazoiga tabia za amplifaya mbalimbali, zikiwa na rivabu (mwangwi wa chumba), dilei (mwangwi unaojirudia), korasi (sauti kama ya magitaa kadhaa) na distoshen (mkwaruzo) humohumo. Boss Katana ni mfano unaojulikana sana. Kwa anayeanza, hizi ndizo ninazozipendekeza, kwa sababu zinamruhusu ajue anapenda nini kabla hajatoa fedha kwenye pedali.

Swali ninaloulizwa mara nyingi: je, siwezi kuchomeka gitaa kwenye redio ya nyumbani au mikisa, nikaokoa fedha yote ya amplifaya? Unaweza kuchomeka, na litalia, ila vibaya. Pikapu za kawaida zinahitaji tundu la kuingizia lenye ukinzani mkubwa sana, kama megaomu 1. Tundu la redio halina ukinzani huo, hivyo ung'avu wa sauti unamezwa. Tena spika ya gitaa imetengenezwa kukata sauti kali za juu, kuanzia kama kilohezi 5 kwenda mbele. Spika ya redio haizikati, kwa hiyo ukitia distoshen unapata mlio mkali wa kuchoma masikio. Kama hali ya makazi hairuhusu kelele kabisa, basi nunua kifaa cha efekti nyingi chenye tundu la hedifoni na chenye uwezo wa kuiga kasha la spika. Au, kama kompyuta unayo tayari, tafuta kiunganishi cha sauti chenye tundu la gitaa. Programu za kuiga amplifaya zipo, na nzuri kabisa mojawapo, Neural Amp Modeler, ni ya bure. Hapo nakubali amplifaya isubiri. Hedifoni iwe nzuri, lakini.

Sasa gitaa lenyewe. Squier iko chini ya Fender, Epiphone iko chini ya Gibson, na Yamaha wana Pacifica. Katika hizi tatu mnunuzi mwenye fedha kidogo hakosi cha kumfaa. Usitoe fedha ya ziada kwa ajili ya jina la mti wa kiwiliwili. Brian May na baba yake walianza kulitengeneza gitaa lake mwaka 1963, shingo yake ikitoka kwenye mbao ya meko ya zamani, na ndilo alilopigia maisha yake yote ya muziki. Kinachostahili kuangaliwa ni pikapu na urefu wa nyuzi. Pikapu ya koili moja inang'aa na kutamka kila noti, inafaa sana mtindo wa nyuzi safi kama rumba, ila inavuma ikikaribia taa au transfoma. Ya koili mbili, ambayo Seth Lover aliibuni Gibson katikati ya miaka ya 1950, hupanga koili zake kinyume ili mvumo ujifute, na sauti yake ni nene zaidi, inayopokea distoshen vizuri. Magitaa mengi ya bei nafuu siku hizi yana zote mbili, na hilo ndilo ningemnunulia mdogo wangu. Kuhusu urefu, nyuzi za aina ya Stratocaster ya Fender hupita inchi 25.5 kutoka kichwani hadi kwenye daraja, yaani kile chuma kinachozishika upande wa kiwiliwili; za aina ya Les Paul ya Gibson ni kama inchi 24.75. Mwenye vidole vifupi ataisikia tofauti hiyo.

Jambo moja nalipinga waziwazi: daraja la Floyd Rose, lile linalocheza kwa mkono wa kuyumbisha sauti na kufunga nyuzi kwa skrubu, kwenye gitaa la bei ya chini. Chuma chake huwa laini, kinalika, na kutuni kunakuwa adhabu. Chagua daraja lisilocheza.

Halafu kuna fundi, na hapa ndipo watu wanaponishangaza. Mtu yuko tayari kuongeza fedha nyingi apate gitaa la hadhi ya juu, lakini hataki kumlipa fundi sehemu ndogo ya fedha hiyo. Gitaa likitoka kiwandani limesafiri mbali, hewa imebadilika, shingo imejipinda kidogo. Fundi atarekebisha nondo iliyo ndani ya shingo, atashusha nyuzi zikae kama milimita 1.6 hadi 2 juu ya freti ya 12 (freti ni vile vichuma vilivyokingama kwenye shingo), atasugua ncha za freti zinazokwaruza mkono, atachonga mikato ya pale juu nyuzi zinapopita kwenda kichwani, kisha atapanga urefu wa kila uzi ili noti ya freti ya 12 ilingane na mlio wake wa hamoniki, ule unaotoka uzi ukiguswa hapo bila kubanwa. Baada ya hapo gitaa la bei nafuu linapigika kwa raha, na mtu akipata raha hulishika kila siku. Muombe pia aweke nyuzi mpya nyembamba, za 9 au 10 (unene wa uzi mwembamba kuliko yote, kwa elfu za inchi). Vidole vya mwanzo vinazimudu.

La mitumba ni sawa kabisa, na mara nyingi ni bora, kwani mbao nzima haizeeki haraka. Lishike, tazama shingo kwa urefu kama imepinda, piga kila freti kwenye kila uzi usikilize panapozima au kutetema. Zungusha vitufe; vikikwaruza ni vumbi, dawa ya kusafishia hulimaliza. Tikisa jeki, yaani tundu la kebo. Freti zilizochimbika sana ziogope, maana kuzibadilisha zote kunaweza kukaribia bei ya gitaa.

Ukishakaa na vifaa hivyo miezi kadhaa na bado unahisi kuna sauti unayoitaka usiyonayo, hapo pedali moja ina haki ya kuingia. Ovadraivu, ile ya mkwaruzo mwepesi, kwanza, kwa maoni yangu, kwa sababu inafanya kazi na amplifaya yoyote na inajibu nguvu ya mkono. Ukitaka mkwaruzo mzito zaidi, Boss DS-1 ya distoshen iko sokoni tangu 1978, hivyo ya mitumba haikosekani. Kabla ya kuchomeka adapta, soma alama iliyo karibu na tundu: nyingi hutumia volti 9 zenye hasi katikati, na ukigeuza unaweza kuiunguza. Tyuna usinunue bado, ya kwenye simu inatosha. Kebo nunua mbili, maana moja itakatika.