Acheni kuzicheka muvi za njaa za miaka ya 70

Ngoja niwahadithie sini moja ya muvi ya njaa, yaani iliyotengenezwa kwa hela kidogo, kabla sijaanza kulalamika. Binti kaingia ukumbi wa sinema usiku, peke yake, ukumbi karibu mtupu, kakaa zake. Taa zikazimwa picha ikaanza. Yeye anaicheki muvi na sisi tunamcheki yeye. Nyuma yake mtu mmoja anaingia, anakaa. Baadaye kidogo mwingine anaingia, anakaa. Halafu wawili. Halafu watano. Binti wala hana habari, na kila kamera ikirudi kwake viti vya nyuma vimezidi kujaa, watu wamepauka, hawaongei, hawacheki, na ukiwaangalia vizuri unaona hawana mpango na skrini kabisa, wanamwangalia yeye. Anapokuja kushtuka ukumbi umeshajaa.

Basi, ndo hivyo tu. Hakuna dubwana pale, hakuna mashine ya kutoa moshi, ni viti na watu na mlango. Mi niliiangalia saa nane usiku na nikajikuta nimegeuka kucheki nyuma yangu, wakati nyuma yangu kuna ukuta.

Muvi yenyewe inaitwa Messiah of Evil, ilitoka 1973, na walioitengeneza ni mtu na mke wake, Willard Huyck na Gloria Katz. Hela iliwaishia njiani kazi haijakamilika, ikachukuliwa na kumaliziwa bila wao, ndo maana kuna sehemu unaona kabisa hadithi imekatika na ikashonewa kiraka. Mwaka huohuo 1973 ikatoka American Graffiti, ambayo hawahawa wawili waliiandika pamoja na George Lucas na ikawafikisha mpaka kuteuliwa tuzo za Oscar. Hiyo kila mtu anaijua. Ile nyingine ikabaki inazurura miaka na miaka kwenye kopi mbovu zilizofifia mpaka huoni kama ni usiku au mchana, na mimi nasema bila kupepesa macho kwamba ile ndo muvi yao bora. Mje mnipinge.

Sasa lalamiko langu ni hili. Kuna watu wanapenda sana hizi muvi za bei chee za miaka ya 70, wanazitafuta, wanazijua majina mpaka ya wale waliobeba taa, lakini wanazipenda kwa ajili ya kuzicheka. Wanakaa kundi, mmoja anabonyeza plei, halafu ni kejeli mwanzo mwisho, ona ile wigi, ona ule mdomo wa mamba unavyofunguka, ona kivuli cha mtu wa maiki. Wanasema ni mbovu mpaka inakuwa tamu. Mi nilishawahi kualikwa kwenye kikao cha namna hiyo, wakaweka muvi ambayo mimi naiheshimu, na ilipofika sini ya mama analia juu ya mwanae kuna mtu akapiga mluzi. Nikaenda jikoni kunywa maji, sikurudi.

Niseme ukweli lakini, nyingi ni takataka kweli. Sitaki mtu aje kunambia nimedanganya. Ukikamata muvi kumi za aina hii bila kuchagua, saba zitakuchosha, watu wanatembea msituni dakika ishirini kwa sababu kutembea msituni ni bure, halafu dubwana linatokea mwishoni kabisa sekunde sita na kiza kimetanda. Kule Marekani ilikuwa biashara ya kuuziana mbuzi kwenye gunia. Kulikuwa na viwanja ambavyo watu wanaangalia picha wakiwa ndani ya magari yao, muvi mbili kwa tiketi moja, na kilichouza ni bango. Bango lina joka kubwa limebeba mwanamke, ukiingia ndani joka ni mjusi kapigwa picha kwa karibu. Ushalipa tayari, utafanya nini.

Na umaskini wa bajeti sio kisingizio cha kila kitu maana hata wenye hela walikuwa wanaboronga. MGM, kampuni kubwa kabisa, mwaka 1972 walitoa Night of the Lepus, muvi ya kutisha ambayo maadui ni sungura. Sungura wakubwa. Walichukua sungura wa kawaida wakawakimbiza kwenye vijumba vya kuchezea, wakapunguza kasi ya picha ili waonekane wazito, na bado ni sungura, wana masikio yale yale na pua zile zile, unatamani kuwapa karoti. Hiyo ukiicheka sina neno.

Ninachotetea mimi ni zile tatu zinazobaki kwenye kumi. Kwenye zile kuna kitu ambacho kwenye muvi yenye hela hawezi mtu kukuruhusu ukifanye, na sababu ni ya kibiashara wala sio ya kiroho. Mwenye hela yake akiweka hela nyingi anakaa kwenye kiti anaangalia kila siku mnachofanya. Akiweka kidogo anakwenda zake, anasubiri kopi. Roger Corman, prodyuza aliyeanzisha kampuni ya muvi za bei chee ya New World Pictures mwaka 1970, alijulikana kwa hilo, masharti yake yalikuwa machache, ngumi ziwepo, gari lilipuke, kuwe na uchi uchi kidogo, na umalize kwa wakati, zaidi ya hapo sema unachotaka. Mwongozaji Jonathan Demme alianzia hapo na muvi ya wanawake gerezani, Joe Dante akapewa samaki wala watu akatengeneza Piranha mwaka 1978. Halafu kampuni hiyohiyo ya samaki wala watu ndo iliyosambaza Marekani muvi ya Ingmar Bergman, yule mwongozaji wa Uswidi wa muvi nzito za kisanaa, Cries and Whispers. Nikikumbuka hilo huwa nacheka peke yangu, ofisi moja, huku Bergman huku vipande vya miguu vinaelea mtoni.

Mfano wangu mkubwa wa kukosa msimamizi ni Deathdream ya Bob Clark, ya mwaka 1974. Kijana anaitwa Andy kapigwa risasi Vietnam amekufa, tumemwona anakufa mwanzoni kabisa. Nyumbani taarifa ya kifo imeshafika ila mama anakataa, anawasha mshumaa anamwambia mwanae umeniahidi utarudi, huwezi kufa. Na usiku huohuo Andy karudi. Furaha imetawala, wanakula, wanacheka, ila Andy hali, halali, anakaa tu kwenye kiti cha kubembea anabembea kwii kwii usiku kucha, na jirani wanaanza kuuawa kwa sababu mwili wake unaoza na unataka damu. Baba anajua. Mama naye anajua, ila hataki kujua.

Fikiria hiyo ni 1974. Wanajeshi wa Marekani ndo wametoka kurudi, vita yenyewe haijaisha hadi mwaka unaofuata, na studio kubwa zilikuwa zinaiogopa Vietnam kama ukoma, The Deer Hunter na Coming Home zilikuja 1978. Miaka minne kabla yao kuna muvi ya zombi ya hela mbuzi imeshasema kwamba hawa watoto hata wakirudi hawajarudi, na kwamba kuna wazazi waliowatuma kwa mapenzi yao wenyewe. Wazazi wale wanaigizwa na John Marley na Lynn Carlin, ambao walishaigiza kama mume na mke kwenye Faces ya John Cassavetes mwaka 1968, kwa hiyo ugomvi wao mezani ni ugomvi wa kweli, unajiona kama umeingia nyumba ya watu wakati mbaya. Sini ya mwisho iko makaburini, siisemi, ila ndo ile aliyoipigia mluzi yule bwana.

Tulikulia kwenye imani kwamba steringi hafi. Akifa steringi picha imeisha vibaya na tiketi imeliwa. Muvi hizi hazikuwa na hiyo dini. Steringi anakufa, au anageuka kuwa adui, au muvi inaisha amekaa anatetemeka na hujui kama yaliyotokea yalitokea. Nadhani wengine walifanya hivyo kwa sababu tu hawakuwa na hela ya kupiga sini ya ushindi, na sioni ubaya wowote hapo.

Kuna mwongozaji mwingine wa kumtaja lazima, Bill Gunn, Mmarekani mweusi. Mwaka 1972 Blacula ilitoka, mnyonya damu mweusi, ikaingiza hela, maprodyuza fulani wakamwita Gunn wakamwambia tutengenezee na sisi kitu cha hivyo. Gunn akachukua hela akaenda kutengeneza Ganja & Hess. Hess ni msomi tajiri, anachomwa na kisu cha kale cha taifa la Afrika la kubuni, anapata kiu ya damu isiyoisha, na kuanzia hapo muvi inaenda inakotaka, kanisani, ndotoni, kitandani, nyimbo zinaingia na kutoka, na kiu ile inageuka kuwa ulevi na imani na tabaka kwa pamoja. Hess ni Duane Jones, yule yule wa Night of the Living Dead ya 1968. Muvi ya Gunn ikaenda mpaka tamasha la filamu la Cannes kwenye Wiki ya Wakosoaji mwaka 1973. Wenye hela walipoiona wakashika kichwa, wakaiuza, ikakatwakatwa vibaya ikabadilishwa jina ikawa Blood Couple, eti sasa ndo inauzika. Nakala nzima ilinusurika kwa sababu ilihifadhiwa jumba la makumbusho ya sanaa la MoMA, New York. Ukiitafuta hakikisha ni ile ndefu, ukikuta Blood Couple achana nayo.

Halafu kuna wale mafundi wa ungaunga mwana, hawa nawapenda kwa namna nyingine. John Carpenter na Dan O'Bannon walianza Dark Star wakiwa wanafunzi wa chuo, ikatoka 1974 kwa gharama ya kama dola 60,000, muvi ya anga za juu ambayo kiumbe kutoka sayari nyingine ni mpira wa ufukweni uliopakwa rangi ukawekewa miguu. Cheka, hapo umeruhusiwa, wenyewe walitaka ucheke. Ila subiri ufike kwenye bomu. Kuna bomu linaloongea limekwama chini ya chombo na limeshaamua kulipuka, jamaa anatoka nje na suti yake kwenda kulibembeleza kwa falsafa, unajuaje kama upo, unajuaje amri uliyopewa ni ya kweli, na bomu linafikiria. Mi naiweka juu ya muvi nyingi za anga zenye bajeti ya nchi nzima. O'Bannon, ambaye humo aliandika, aliigiza na kuhariri, hakuridhika na jinsi watu walivyopokea vichekesho vyake akaamua basi wacha niwatishe, akachukua wazo la kiumbe ndani ya chombo akaandika Alien, 1979. Yaani lile dude la kutisha kuliko yote baba yake ni mpira wa ufukweni.

Na Phantasm ya 1979, mwongozaji wake Don Coscarelli hajafika hata miaka 25 alipoanza kuipiga. Hela alitafutiwa na baba, mama akashughulikia mavazi na mapambo, kamera akikodi Ijumaa na kurudisha Jumatatu ili wikiendi nzima ihesabike siku moja. Walipiga wikiendi hadi wikiendi kwa muda mrefu, hadithi ikibadilika njiani, na ndo maana inatembea kama ndoto, unamwona mtu mahali hujui alifikaje. Mtu mwingine angesema ni makosa ya mpangilio. Ni muvi ya mtoto aliyefiwa na anaogopa kufiwa tena, sasa mtoto wa namna hiyo dunia yake ina mpangilio gani?

Waturuki na Hong Kong wangehitaji makala yao kabisa, niwapitie haraka tu. Uturuki 1973 walitoa 3 Dev Adam ambayo Kapteni Amerika na Santo, mwanamieleka wa Mexico, wanamsaka Spider-Man, na Spider-Man ni jambazi muuaji mwenye nyusi nene zinazotoka nje ya barakoa, hakuna aliyeombwa ruhusa popote. Master of the Flying Guillotine ya 1976 ilibeba muziki wa bendi ya Kijerumani ya Neu! ikaubandika kwenye mapigano ya kung fu, na nakwambia umekaa utadhani ulitungwa kwa ajili yake.

Kinachoniudhi kuliko hata wenye mluzi ni hawa wa siku hizi wanaoiga. Anapiga muvi na kamera safi ya kisasa halafu anaweka mikwaruzo ya kompyuta juu yake, vumbi la kompyuta, rangi ya kupauka. Hata waongozaji Tarantino na Rodriguez na Grindhouse yao ya 2007 ya kuiga muvi hizi, zaidi ya dola milioni 50, wakaweka mzaha wa kipande cha filamu kilichopotea. Nilicheka, sikatai. Ila Messiah of Evil kipande hakipo kweli, waliishiwa, na lile pengo linakaa na wewe siku tatu. Ukiwa na hela ya kununua shati jipya halafu ukalichana mwenyewe, aliyechanikiwa anakujua tu.

Kama hujawahi kuona hata moja usianze na zote nilizotaja, anza na Let's Scare Jessica to Death, 1971. Mwanamke katoka hospitali ya akili, wamehamia shambani na mumewe, na ndani ya nyumba kuna msichana hawamjui. Kuna sini ziwani, yule msichana anazama na nguo ya kuogelea, kimya, halafu anainuka taratibu kutoka majini kavaa gauni la harusi la zamani. Nimeirudisha nyuma mara tatu natafuta ujanja uko wapi. Mchana kweupe, ziwa limetulia, gauni limelowa zito, na anakuja.