Jani la isale limepokelewa, moyo bado

Desemba watu wakirudi Kibosho, Machame na Marangu, huko Kilimanjaro, vikao vya ukoo huwa havikauki, na vingi ni vya kihamba, yaani shamba la ukoo. Huyu kasogeza mpaka, yule kauza shamba la marehemu baba kimyakimya. Mambo yakiiva, mkosaji huleta jani la isale, mmea wa kuombea radhi, na kwa mila ya Kichaga aliyeletewa hakatai. Analipokea, kata ya mbege, pombe ya ndizi, inazunguka, wazee wanasema yameisha.

Februari, aliyelipokea anapita kwenye ule mpaka na kifua kinambana. Anaanza kujilaumu kwamba alisamehe kwa mdomo tu, imani yake ni haba. Wapo na wanaomwambia hivyo kanisani. Wanamkosea.

Everett Worthington, mwanasaikolojia Mmarekani ambaye mama yake aliuawa na mtu aliyevunja nyumba, hutenganisha msamaha wa uamuzi na msamaha wa hisia. Wa kwanza ni kukata shauri kwamba silipizi kisasi. Unaweza kumalizika kikao kimoja, na isale ni shahidi wake. Wa pili ni uchungu kupungua na huruma kuingia polepole, na huo hauji kwa amri ya mchungaji wala ya mzee wa ukoo.

Mwili nao unahusika. Mwaka 2001 Charlotte Witvliet na wenzake walichapisha jaribio la wanafunzi 71: walipowaza kwa kinyongo juu ya waliowakosea, mapigo ya moyo na presha vilipanda kuliko walipowaza kusamehe. Hivyo ni vipimo vya papo hapo. Asiache mtu dawa zake za presha.

Njia ya Worthington ina hatua tano. Kumbuka kosa lilivyokuwa: andika kama muhtasari wa kikao, mita ngapi zilichukuliwa, nani alikuwepo, bila tusi na bila kupunguza. Pili, weka kiti kitupu, zungumza na mkosaji kana kwamba amekaa pale, kisha hamia kiti hicho umjibu kwa niaba yake. Hapa wengi hukwama, kwa sababu wanadhani kumwelewa ni kumpa haki. Tatu, kumbuka ulivyowahi kusamehewa wewe, umpe naye zawadi hiyo. Nne, weka ahadi kwa maandishi. Tano, uchungu ukirudi, soma karatasi yako. Kukumbuka jeraha si kufuta msamaha.

Hatua ya tatu ndiyo imani inapofanya kazi kubwa. Katika Mathayo 18, mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi anamkaba mwenzake kwa dinari mia. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo deni hilo dogo ni la zaidi ya miezi mitatu. Yesu hakusema si kitu. Katika Qurani, sura ya Ash-Shura aya ya 40 nayo inataja kwanza haki ya kulipiza kwa kadiri ya ubaya, ndipo inamsifu anayesamehe na kusuluhisha. Kote deni linatajwa kabla ya kusamehewa.

Vikao vyetu huruka hapo. “Yaishe” inatamkwa kabla kosa halijatajwa kwa jina lake. Tena msamaha unachanganywa na kurudiana: mke anayepigwa anaweza kumsamehe mume akiwa kwa wazazi wake, na jalada likiwa dawati la jinsia polisi.

Masale, wingi wa isale, ndiyo pia alama ya mipaka ya vihamba. Mkosaji aje basi na jani la kuombea radhi, na miche ya kurudisha mpaka pale ulipokuwa. Ipandwe kwanza, mchana, majirani wakiona. Mbege ifuate.