Majaji tunao, walezi wako wapi?

Nimepata ujumbe mwingine WhatsApp: "Mwalimu, naomba unikumbuke kwenye ujaji." Hongera. Mashindano ya wanafunzi ya kuandika programu yakitangazwa hapa Mtwara, majaji wanapigana vikumbo. Ni Jumamosi moja tu: fulana mpya, soda baridi, picha na mgeni rasmi. Mwambie mtu huyohuyo aje awalee watoto, yaani akae nao na kuwaelekeza wanapoandika programu, wiki kadhaa kabla, ghafla mtandao unasumbua.

Mwaka jana binti wa kidato cha pili alileta programu ya kukokotoa malipo ya korosho, kaiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Unaingiza kilo, bei ya mnada na makato ya chama cha msingi, inakuonyesha kinachobaki mkononi. Aliyekulia kwenye nyumba inayosubiri mnada ili ada ilipwe anajua hicho si kitu kidogo. Jaji wa kwanza akauliza itaingiza faida gani. Wa pili akasifia rangi za slaidi. Kibodi hakuna aliyeigusa! Baadaye nikajaribu mwenyewe, nikaandika bei 3,500, na koma yake kama tunavyoandika sote. Programu ikagoma palepale. Dawa yake ni mstari mmoja wa kuondoa koma. Angepata mtu wa kukaa naye jioni moja tu, angelirekebisha mwenyewe na angejua mapema kwamba mtumiaji haandiki unavyotaka wewe.

Na msiniambie wataalamu wako Dar. Tumsafirishe mtu zaidi ya kilomita 500 aje kusema "mmejitahidi", wakati chuo cha Stella Maris kipo hapa, VETA ipo, bandari ipo, mabenki yapo, mtambo wa gesi uko Madimba? Kote huko wapo watu wanaokula kwa kompyuta. Kisingizio cha intaneti nacho kiishe, Python na Scratch, ile ya kujifunzia programu kwa kupanga vipande, zinabebeka kwenye flashi.

Haya, waandaaji nao wana lao. Mtu atoke Mikindani kwa nauli yake, ashinde na njaa, halafu cheti kije na jina la mtu mwingine. Hapo hata mimi nisingerudi.

Ila pendekezo langu liko palepale: anayetaka kiti cha ujaji ataje kwanza timu aliyoilea, na hiyo asiipe alama yeye. Kamati inasema tutakosa majaji. Na tukose. Watoto watakaguana wenyewe, wao angalau kibodi wanaishika.