Manda Bay: mgeni amekuja, mwenyeji atapona?

Juni 2024 Marekani iliitangaza rasmi Kenya mshirika wake mkuu nje ya NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kupata hadhi hiyo. Kwetu Lamu jambo hilo lina mahali pake: kambi ya Manda Bay, wanakokaa askari wa nchi zote mbili. Ndiko Al-Shabaab walikoshambulia Januari 5, 2020, wakaua Wamarekani watatu na kuteketeza ndege.

Wanaounga mkono ushirika huu nawaelewa vizuri. Aliyekuwapo Juni 2014, watu zaidi ya 60 walipouawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, hahitaji kufundishwa thamani ya helikopta inayofika mapema. Mei 2024 Kenya iliahidiwa helikopta 16. Msitu wa Boni, maficho ya Al-Shabaab, haulindwi kwa maneno.

Ila hadhi hiyo haiilazimishi Marekani kutupigania. Na silaha ya kupewa haimwachi aliyeitoa: vipuri vinatoka kwake, mafunzo yanatoka kwake, hata kumpa mtu mwingine ni mpaka akubali. Wakati huohuo wavuvi wetu walikatazwa kuvua usiku kwa miaka, eti kwa ajili ya usalama, na usiku ndio wenye samaki. Gharama hiyo haikuandikwa katika bajeti yoyote ya ulinzi. Ililipwa majumbani.

Kwa hiyo mimi natazama kipengele kisichosemwa sana. Nchi mbili zikiwekeana makubaliano, hadhi hii huruhusu kampuni za mshirika kushindania kazi za kukarabati vifaa vya jeshi la Marekani vilivyo nje ya Marekani. Hapo pana ujuzi unaobaki hata mgeni akiondoka. Msingi tunao: kiwanda cha bunduki cha Ruiru kilichofunguliwa 2021, na Kisumu, Kenya Shipyards wameunda meli ya MV Uhuru II kwa ushirikiano na kampuni ya Damen ya Uholanzi.

Matondoni, kijiji chetu cha waunda majahazi, fundi huchagua mti uliopinda wenyewe uwe taruma, yaani ubavu wa chombo, akauchonga kwa tezo, kisha akakalafati mianya kwa pamba iliyolowa mafuta. Simwambii aunde manowari. Lakini mwanawe akifundishwa kuchomelea alumini na kufungua injini, boti za doria zinaweza kutengenezwa katika karakana ya hapahapa. Makubaliano ya ukarabati yakifika Bungeni, wabunge wa Pwani wadai karakana hiyo iandikwe humo, na vijana wa Lamu watengewe nafasi za mafunzo, kabla hawajapiga kura.